Kuifunga Darubini juu ya Bunduki ya Shabaha ya Mbali

Tarehe 2 Julai 1860, katika uwanda wa Wimbledon ulio karibu na London, Malkia Victoria aliyafungua mashindano ya kwanza ya Chama cha Taifa cha Bunduki cha Uingereza kwa kupiga risasi moja, nayo ikaangukia karibu mno na kitovu cha shabaha iliyosimamishwa umbali wa yadi 400. Watu walishangilia, na haki ya kushangilia walikuwa nayo. Lakini aliyestahili sehemu kubwa ya sifa ile ni Joseph Whitworth, mhandisi wa Manchester, ambaye kabla ya Malkia kuwasili alikuwa amekwisha kuiweka bunduki ya kazi yake mwenyewe juu ya kiunzi cha chuma, akaielekeza na kuikaza hata isiwe na pa kwenda, akambakishia mgeni wake mtukufu kazi ya kuvuta kamba ya hariri tu. Whitworth huyu ndiye aliyependekeza, mwaka 1841, kwamba viwanda vya nchi yake vitumie kipimo kimoja cha meno ya parafujo, na kwa hiyo si ajabu kwamba alijua kuliko wengi kuwa shabaha ya mbali huanza kupatikana mezani kwa fundi, kwa bisibisi na kwa subira, kabla ya mlengaji kulala chini na kuzuia pumzi yake.

Mashindano yale yalihamia Bisley, katika jimbo la Surrey, mwaka 1890, na huko yapo mpaka leo, na uwanja wake uitwao Stickledown hutumika kwa umbali wa yadi 800 hadi 1200. Kwa muda mrefu walengaji wa mchezo huu walitegemea tundu la nyuma na duara la mbele bila ya darubini, na wengi wangali wakifanya hivyo. Lakini Mkanada George Farquharson alianzisha aina ya mashindano yanayoruhusu darubini pamoja na egemeo la mbele, ili wazee ambao macho yao yamechoka wasilazimike kuuacha mchezo waupendao, na aina hiyo sasa hujulikana duniani kote kwa jina la F-Class, kwa herufi ya kwanza ya jina lake. Katika shabaha yake ya yadi 1000, duara la alama kumi lina upana wa inchi 10, yaani sentimita 25 na kitu, na hiyo ndiyo nafasi yote aliyonayo mtu aliye karibu kilomita moja mbali nayo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kuifunga darubini yake kwa mchezo wa namna hiyo, naye ana bunduki yake halali na subira ya mchana mmoja.

SHERIA NA HADHARI

Kwanza ni sheria. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na zote mbili hazimruhusu mtu kumiliki bunduki bila leseni. Kwa hiyo soma masharti ya leseni yako kabla ya kununua chochote, na uipige risasi yako ya kwanza katika uwanja ulioruhusiwa, chini ya macho ya msimamizi wake. Kufunga darubini kwa parafujo katika matundu yaliyokwisha kutobolewa kiwandani ni kazi ya mwenye bunduki. Kutoboa tundu jipya au kuchonga chuma cha bunduki yenyewe si kazi yake abadani, bali ni ya fundi aliyepewa ruhusa na serikali.

Halafu ni hadhari. Toa risasi zote, zipeleke chumba kingine, litoe komeo la bunduki, kisha tazama ndani ya chemba kwa macho yako na uitie kidole. Usiseme kwamba jana uliiacha tupu. Bunduki isiyo na komeo haiwezi kufyatuka, na tena kasiba iliyo wazi pande zote mbili itakufaa baadaye, utakapotaka kuchungulia ndani yake ili kuipatanisha na darubini.

KUCHAGUA RELI NA PETE

Darubini hukaa ndani ya pete mbili, pete hukaa juu ya reli, na reli hufungwa juu ya mwili wa bunduki. Viungo vitatu, na udhaifu wa kimoja huviharibu vyote. Reli iliyoenea zaidi siku hizi ni ile ya kipimo cha Picatinny, iliyopewa jina la kiwanda cha silaha cha jeshi la Marekani katika jimbo la New Jersey, ambayo mifereji yake imepangwa kwa nafasi sawa ya takriban milimita 10 toka mmoja hadi wa pili. Reli ya kale zaidi ni ya Weaver, na mifereji yake ni myembamba. Pete za Weaver aghalabu hukubali kukaa juu ya reli ya Picatinny, ilhali pete za Picatinny hukataa reli ya Weaver kwa kuwa kiungo chao cha chini ni kinene kuliko mfereji. Nunua vitu vya jamaa moja, uepukane na matata.

Upana wa pete sharti uwe sawasawa na upana wa bomba la darubini. Mabomba ya kawaida ni ya inchi moja, yaani milimita 25.4, ya milimita 30, na ya milimita 34, wala hapana njia ya halali ya kulifunga bomba la milimita 30 katika pete ya 34 kwa kulizungushia karatasi au mpira. Kuhusu kimo, chagua pete fupi kadiri inavyowezekana, ilmuradi lenzi ya mbele isiguse kasiba wala reli, na komeo lipate nafasi ya kurudi nyuma bila kugonga kipande cha nyuma cha darubini. Pete ikiwa ndefu kupita kiasi, shavu la mlengaji hupoteza mahali pa kutulia juu ya kitako, na jicho lisilo na mahali pake halitazami mara mbili kwa namna moja.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wageni wa mchezo huu hulidharau, nalo ni mwinamo wa reli. Risasi huanguka tangu inapotoka kasibani, na bunduki ya .308 Winchester, iliyorekebishwa kwa yadi 100, huhitaji kupandishwa takriban dakika 35 hadi 40 za pembe ili ifike yadi 1000. Chukua mfano wa darubini ambayo mwendo wake wote wa juu na chini ni dakika 60: ikifungwa juu ya reli iliyolala sawa na kasiba, nusu ya mwendo huo iko juu na nusu iko chini, kwa hiyo mlengaji ana dakika 30 tu za kupanda, naye anahitaji 38; atakwama njiani. Reli yenye mwinamo wa dakika 20, ambayo upande wake wa nyuma ni mnene kuliko wa mbele, humwongezea dakika hizo 20 juu ya zile 30, akawa na 50 za kutumia na akiba ikabaki. Hakikisha, basi, kwamba upande mnene umeuelekeza kwenye kitako. Ukiigeuza reli hiyo, badala ya kuongeza utakuwa umepunguza.

Anayekusudia kushindana katika tabaka la F/TR, linalotumia .308 Winchester au .223 Remington, akumbuke pia kwamba bunduki yake pamoja na darubini, pete na miguu ya kuegemeza haitakiwi kuzidi kilo 8.25. Kila gramu ya chuma anachokifunga juu imo ndani ya hesabu hiyo.

KUIFUNGA RELI

Iweke bunduki katika jiriwa lililovikwa ngozi au kitambaa kinene, uibane kwa kiasi cha kuituliza tu. Safisha matundu ya parafujo, parafujo zenyewe, na sehemu zote zitakazogusana, kwa spiriti, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe kama kilivyoingia. Mafuta ya kiwandani ni adui wa kiungo.

Weka reli mahali pake, kisha kaza parafujo ya mbele peke yake, uitazame nyuma. Ikiwa reli imeinuka, ukaona mwanga chini yake au ukausikia mchezo unapoibonyeza kwa kidole gumba, ujue kwamba mgongo wa bunduki na tumbo la reli havikupatana; ukizilazimisha parafujo za nyuma zilifute pengo hilo, reli itapinda, na reli iliyopinda itazipinda pete, na pete zitalipinda bomba la darubini ambalo huenda lina thamani kuliko bunduki. Dawa yake ni kulijaza pengo kwa gundi ya epoksi, ikauka kwa umbo la pengo lenyewe, au kumpelekea fundi.

Ikiwa imelala vizuri, tia tone dogo la gundi ya parafujo, ile ya buluu inayokubali kufunguliwa baadaye, na si ile nyekundu ambayo haifunguki ila kwa moto. Kaza parafujo moja moja, na baada ya kila moja rudisha komeo ulisukume mbele na nyuma, kwa kuwa parafujo ya mbele ikizidi urefu hata kwa nusu milimita huweza kuchungulia ndani na kulizuia komeo au kugusa meno ya kasiba. Komeo likikwaruza, usilazimishe. Badilisha parafujo au uifupishe kwa tupa. Kazi ikiisha, litoe tena komeo uliweke kando.

PETE NA MAHALI PA JICHO

Zipachike pete mbili juu ya reli, mbali mbali kadiri bomba linavyoruhusu, na kabla ya kuzikaza zisukume zote mbili mbele, upande wa mdomo wa kasiba, mpaka viungo vyake viguse ukingo wa mfereji. Sababu yake ni hii: bunduki inapopiga teke hurudi nyuma kwa ghafula, na darubini, kwa uzito wake, hutaka kubaki ilipo, kwa hiyo ukiitazama kutoka kwenye bunduki ni kama darubini inayokimbilia mbele, na pete iliyokwisha kuegemea ukingo haina tena pa kukimbilia. Kisha kaza parafujo za chini za pete kwa kipimo alichokiandika mtengenezaji, ambacho kwa pete nyingi nzito hufika hadi paundi-inchi 65, yaani takriban nyutoni-mita 7.3.

Ilaze darubini ndani ya pete, weka vifuniko vya juu, na uzikaze parafujo zake kwa vidole tu, darubini iweze kuteleza na kuzunguka. Vaa koti utakalolivaa mashindanoni, lala kifudifudi kama utakavyolala uwanjani, weka darubini katika ukuzaji wake mkubwa kabisa, fumba macho, tuliza shavu juu ya kitako kwa raha yako, kisha fumbua. Unachotakiwa kukiona ni duara zima lenye nuru mpaka pembezoni; ukiona kivuli cheusi kikizunguka ukingo, mwambie mwenzako aisogeze darubini mbele au nyuma, kidogo kidogo, wakati wewe hutikisi kichwa. Kwa darubini nyingi, jicho hukaa kiasi cha sentimita 9 kutoka kwenye kioo cha nyuma. Usikubali kuikaribia darubini kwa kunyoosha shingo, kwani shingo iliyonyooshwa huchoka kabla ya risasi ya ishirini, na darubini iliyo karibu mno na uso huwapasua watu nyusi.

TIMAZI

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote. Ndani ya darubini mna mstari wa wima na mstari wa mlalo, na mstari wa wima ukiwa umeinama hata digrii moja kutoka kwenye wima wa kweli, kila unapokizungusha kifundo cha juu ili kupandisha, unapandisha na kupeleka pembeni kwa wakati mmoja. Katika yadi 100 huioni dhambi hiyo, kwa kuwa hupandishi chochote. Katika yadi 1000, ambako umepandisha dakika 38, sawa na mita 10 hivi za kimo, digrii hiyo moja huisogeza risasi sentimita 17 na zaidi kando, na nusu ya upana wa duara la alama kumi ni sentimita 12.7 tu, yaani mlengaji asiye na kosa lolote mkononi mwake anaikosa alama kwa kosa la mezani, na aghalabu humsingizia upepo.

Chombo cha kuliondoa kosa hilo ni kile kile cha mwashi, nacho ni timazi. Tundika uzi mweupe wenye uzito chini yake, umbali wa mita 20 au 30 mbele ya meza yako, na uzito huo uuzamishe katika kopo la maji ili upepo usiuchezeshe. Weka pimamaji ndogo juu ya reli, ukingama kwa kasiba, urekebishe bunduki ndani ya jiriwa mpaka tone la hewa lisimame katikati. Kisha chungulia katika darubini, uizungushe ndani ya pete kwa ncha za vidole mpaka mstari wa wima uulalie uzi toka juu hadi chini, uzi usionekane kulia wala kushoto. Usijipime kwa mlango, dirisha au nguzo ya simu, kwa maana vyote hivyo vimesimamishwa na binadamu. Uzi umesimamishwa na uzito wake wenyewe.

Sasa kaza vifuniko. Chukua bisibisi yenye kipimo cha nguvu, uanze na parafujo ya mbele kulia, kisha ya nyuma kushoto, kisha ya mbele kushoto, kisha ya nyuma kulia, kila moja robo ya mzunguko, huku ukiangalia kwamba nafasi iliyobaki baina ya kifuniko na sehemu ya chini ya pete ni sawa pande zote mbili, isipokuwa mtengenezaji amesema vinginevyo. Kila baada ya duru moja chungulia tena uzi, kwa sababu ukazaji wa upande mmoja hulizungusha bomba bila ya wewe kujua. Kipimo cha mwisho kwa pete nyingi ni paundi-inchi 15 hadi 18, sawa na nyutoni-mita 1.7 hadi 2, na parafujo hizi hufungwa kavu, bila gundi wala mafuta, kwa kuwa parafujo yenye mafuta hukaza zaidi kuliko kipimo kinavyosema. Mwenye kukaza kwa nguvu za mkono akidhani anaimarisha hulibonyeza bomba, na bomba lililobonyea huzuia vioo vya ndani visisogee sawasawa.

Uzi ungali umetundikwa, funga juu ya bomba pimamaji ya kudumu, uikaze tone likiwa katikati huku mstari wa wima ukiwa juu ya uzi. Pimamaji hiyo ndiyo itakayokuonyesha uwanjani, kabla ya kila risasi, kama bunduki imesimama wima au imeinama mkononi mwako.

UWANJANI

Uwanjani, tuliza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, komeo likiwa nje, uchungulie ndani ya kasiba mpaka uione shabaha ya mita 100 katikati ya tundu. Kisha, bila kuitikisa bunduki, zungusha vifundo mpaka mistari ya darubini nayo iangukie pale pale. Baada ya hapo rudisha komeo na upige risasi tano, uitafute katikati ya matundu yake matano, wala usirekebishe kwa kufuata tundu moja. Darubini ya miliradiani husogeza sentimita 1 kwa kila kliki katika mita 100, na ile ya robo dakika husogeza milimita 7.3 hivi. Matundu yakiwa sentimita 7 kushoto na 4 chini, mwenye darubini ya kwanza atazungusha kliki 7 kulia na 4 juu, na mwenye ya pili kliki 10 kulia na 5 au 6 juu. Pigia tena tano, na ukiridhika, legeza kofia za vifundo uzirudishe kwenye sifuri.

Hatimaye ijaribu kazi yako yote kwa jaribio moja ambalo halina huruma. Bandika karatasi yenye kimo cha mita moja na nusu, uchore mstari wa wima kwa timazi, na umbali wa mita 100 uupime kwa utepe, si kwa hatua. Lenga chini ya mstari, piga tano. Pandisha miliradiani 10, lenga pale pale pa chini, piga tano nyingine. Matundu ya pili yanatakiwa yawe mita moja kamili juu ya yale ya kwanza. Yakiwa sentimita 98, darubini yako hupandisha pungufu kwa mbili katika mia, na kasoro hiyo peke yake, usipoihesabu, itakushusha sentimita 20 katika yadi 1000. Iandike na uizidishe katika hesabu zako. Yakiwa yamekwenda kando sentimita 1.75, nawe pimamaji yako ilikuwa katikati, mstari wa darubini umeinama digrii moja: rudi mezani, tundika uzi, uanze upya.

Ikiwa yote yamekaa sawa, chora kwa rangi nyeupe mstari mwembamba unaotoka pete hadi bomba, na mwingine juu ya kila kichwa cha parafujo, ili siku chochote kitakaposogea ukione kwa jicho bila kugusa bisibisi. Andika daftarini vipimo vya ukazaji, tarehe na aina ya risasi. Baada ya siku yako ya kwanza uwanjani zipime parafujo tena kwa bisibisi ile ile yenye kipimo, bila kuzidisha. Na siku risasi zitakapoanza kutawanyika pasipo sababu ya dhahiri, tazama alama hizo za rangi kwanza, kabla ya kuulaumu upepo, kabla ya kubadili risasi, na kabla ya kuuza darubini ambayo haikukosa lolote.